Miaka 75 ya Maendeleo ya Wanawake: Risala ya Wanachama wa Mashinani

Mheshimiwa Waziri unayesimamia masuala ya jinsia, ambaye ndiye mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Gavana, Mama Mwenyekiti wa Kitaifa na wajumbe wa kamati yako, viongozi wa dini, chifu wetu na wazee wa mtaa, akina mama, akina baba na vijana mliofika:



Risala ya wanawake katika nchi hii ina desturi yake. Mgeni huimbiwa, husifiwa, kisha huombwa mahema, viti vya plastiki na sufuria kubwa za kupikia harusini na matangani. Mgeni hutoa ahadi, hupiga picha na akina mama, gari huwashwa. Mheshimiwa, mahema tunayo. Viti pia tunavyo, na vingine vimechapwa majina ya wanasiasa walioanguka kura zamani. Leo hatuombi hata kimoja. Tuna malalamiko na tuna madai, na tumeyaweka kwa maandishi ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Tumeyaleta sasa kwa sababu ya kalenda. Mwaka 2027 shirika letu la Maendeleo ya Wanawake litatimiza miaka 75 tangu lianzishwe mwaka 1952. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Kenya itafanya uchaguzi mkuu. Sisi tuliokulia katika vikundi tunajua mambo haya mawili yakikutana kinachotokea ni nini: keki ya sherehe hukatwa na mgombea. Tunasema mapema kwamba safari hii hatukubali. Na ili sababu zetu zieleweke, hatuna budi kueleza tulikotoka, maana historia hii mara nyingi imesimuliwa na waliokuwa jukwaani, si na waliokuwa jikoni wakiwapikia.

1. SISI NI NANI

Sisi ni wanachama wa vikundi vya wanawake vya wadi hii. Wamo miongoni mwetu mabibi walioingia katika klabu wakiwa wasichana, miaka ya 1950. Wamo walioingia wakati wa harambee, wamo walioingia enzi za chama kimoja, na wamo mabinti walioingia baada ya Katiba ya 2010. Hatulipwi. Mwanachama hutoa kiingilio, hulipa mchango kila mkutano, hutozwa faini akichelewa, kisha hutoka hapo kwenda kumwangalia mzazi aliyejifungua, mgonjwa asiye na ndugu, au msichana aliyeacha shule.

Ukifungua daftari la kikundi chochote hapa utakuta mistari iliyopigwa kwa rula: jina, mchango, deni, faini, sahihi. Penye sahihi, kurasa za zamani zina alama za kidole gumba, moja chini ya nyingine, na pembeni mwandiko wa katibu, ambaye mara nyingi ndiye peke yake aliyejua kuandika. Madaftari hayo yanahifadhiwa chini ya vitanda na juu ya kabati. Mengine yameliwa na mchwa. Tutayarudia mbele.

2. TULIKOTOKA

*Klabu za wakati wa vita*

Shirika lilianzishwa chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na waliolishika mwanzoni walikuwa wanawake Wazungu. Viongozi wa klabu walipata mafunzo katika Jeanes School, Kabete. Mafunzo yenyewe hayakuwa mabaya: kushona, kufuma, usafi wa nyumba, kulea mtoto mchanga, kufuga kuku, kuoka keki. Mabibi zetu waliyapenda, na wengine hadi leo wanatarizi vitambaa vya meza kwa mishono ile ile.

Lakini tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Serikali ilikuwa imeng'amua kwamba wapiganaji wa Mau Mau wasingedumu msituni bila wanawake waliowapelekea chakula, risasi na habari. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu na kuingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Wanawake walitolewa asubuhi kwenda kazi ya lazima: barabara, matuta, na lile handaki refu lililochimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya. Aliyekana kiapo cha Mau Mau na kujiunga na klabu ya Maendeleo aliweza kusamehewa kazi hiyo, na watoto wake wakapata maziwa na chakula kilichogawanywa na klabu. Aliyekataa alirudi na jembe lake handakini, na wengi walifungwa katika gereza la Kamiti. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 klabu zilikuwa zimepita 500.

Tueleweke. Hatuwalaumu mabibi waliojiunga, kwa maana mama mwenye mtoto aliyevimba miguu kwa njaa huenda penye maziwa. Wala hatuwasahau waliokataa. Wajukuu wa pande zote mbili wanachanga pamoja katika vikundi vyetu leo. Tunachosema ni kwamba tangu mwanzo kazi yetu ya hiari ilitiwa masharti na aliyekuwa na bunduki, na sehemu hiyo haitajwi kwenye sherehe zetu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya Bunge lake kwamba Wakenya waliteswa wakati ule, ikakubali kuwalipa walalamishi 5,228. Mmoja wa wazee waliofungua kesi hiyo huko London alikuwa mwanamke, Jane Muthoni Mara. Ikiwa aliyetenda amekiri bungeni kwake, sisi tuliotendewa tunaficha nini?

*Uhuru na mlango uliofungwa*

Mwishoni mwa miaka ya 1950 uongozi uliingia mikononi mwa Waafrika. Phoebe Asiyo, aliyekuwa afisa wa magereza, ndiye mwenyekiti wa kwanza Mwafrika. Aliongoza ujumbe wa wanawake kwenda kumwona Jomo Kenyatta kizuizini, wakataka kujua mapema uhuru ukija mwanamke atakuwa na fungu gani.

Fungu lenyewe lilionekana haraka. Katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House mwaka 1962, Priscilla Abwao alikuwa mwanamke Mwafrika wa pekee katika ujumbe wa Kenya. Bunge la 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi. Ruth Habwe, aliyeliongoza shirika letu, aliposimama mwaka 1964 kama mgombea huru, chama tawala cha KANU kilimsimamisha uanachama. Jael Mbogo, kiongozi wetu mwingine, alipambana na Mwai Kibaki katika eneo la Bahati jijini Nairobi mwaka 1969, akatangazwa kushindwa kwa matokeo yaliyozua ubishi mkubwa.

Mwaka huo wa 1969 ndipo tulipopigwa pigo ambalo mabibi hulitaja mpaka leo. Tangu 1959 kulikuwa na sheria iliyomlazimu mwanamume kutoa matunzo ya mtoto aliyemzaa nje ya ndoa. Wabunge, wote wakiwa wanaume, waliifuta. Wanawake walipinga kwa sauti, wakachekwa. Grace Onyango wa Kisumu alipochaguliwa mbunge wa kwanza mwanamke mwezi Desemba, sheria ilikuwa imekwisha zikwa.

*Mabati*

Siasa ilipotufungia mlango, sisi tulienda kuezeka nyumba. Katika miaka ya 1960 vilitokea vikundi vya mabati, hasa katika Mkoa wa Kati, na mtindo ukaenea. Kila mwanachama alileta alichonacho: senti za maziwa, malipo ya kibarua cha kuchuma kahawa au cha kupalilia. Fedha zikitosha zilinunuliwa bati za nyumba moja. Akina mama walizibeba mgongoni kwa kamba, zikikwaruzana njiani, mpaka kwa mwenzao aliyefikiwa na zamu. Nyasi zikashushwa, bati zikapigiliwa, na maji ya mvua yakaanza kukingwa kwenye pipa badala ya mama kwenda mtoni. Kisha wakaanza kuchanga tena kwa ajili ya nyumba inayofuata. Bati zikiisha, walihamia kwenye matangi ya maji, ng'ombe wa gredi, karo za watoto na mashamba ya kununua kwa pamoja.

Katika zama za Jane Kiano, aliyekuwa mwenyekiti kuanzia mwaka 1971 hadi 1984, shirika lilipata sura ya kitaifa kweli kweli. Vyondo na kazi nyingine za mikono za wanachama zilitafutiwa soko, mafunzo ya uzazi wa mpango na afya ya mama na mtoto yalipelekwa vijijini, na jumba la Maendeleo House likawa anwani yetu Nairobi. Julai 1985, wanawake wa dunia nzima walipokuja Nairobi kufunga muongo wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, walikuta nchi ambayo wanawake wake walikuwa wamejipanga hadi mlango wa mwisho kijijini.

*Ndoa ya KANU*

Kujipanga huko ndiko kulikotuponza. Shirika lenye watu katika kila lokesheni ni mali kwa mwanasiasa. Mwaka 1980, Wangari Maathai alipochaguliwa kuliongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, shirika letu lilijitoa katika baraza hilo. Mwaka 1986, kufuatia madai ya matumizi mabaya ya fedha, serikali iliingilia kati uendeshaji wa shirika letu. Mwaka 1987 likaunganishwa na chama tawala na kuitwa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Wanachama wa vijijini hawakuulizwa. Waliamka wakakuta wao ni tawi la chama.

Mwaka 1989 uchaguzi wa shirika ulifanywa kwa mlolongo, mtindo ule ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea uliokuwa umeitia aibu nchi katika uchaguzi mkuu wa 1988. Mwanamke alitakiwa asimame hadharani, mumewe akimwona, chifu akimwona, na mwenyekiti wa KANU wa tawi akimwona. Mwaka huo huo Wangari Maathai aliposimama kupinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, sauti ya uongozi wa shirika letu ilikuwa miongoni mwa zilizomlaani. Bustani iko hadi leo, na mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Aibu ile hatukuitafuta sisi, lakini ilibandikwa jina letu.

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kiliondolewa, vyama vingi vikarudi, na shirika likatenganishwa na KANU. Kutengana kwenye karatasi kulikuwa rahisi. Kuwashawishi majirani wa vyama vingine kwamba sasa wanaweza kuketi nasi kulichukua miaka, na wengine hawajarudi.

*Kazi iliyofanywa bila baraka za jukwaa*

Mheshimiwa, katika miaka hiyo hiyo wanachama walikuwa wakifanya jambo ambalo wanasiasa wengi hawakutaka kuligusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika lilifanya uchunguzi kuhusu ukeketaji katika Kisii, Meru, Narok na Samburu. Kisha mwezi Agosti 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia zilizoungana na shirika letu na wenzetu wa shirika la PATH zilifanya sherehe ya kwanza ya tohara mbadala. Wasichana walikaa faraghani wiki nzima kama ilivyo jadi. Walikuwa na walezi wao, wakafundishwa mwili, heshima, ndoa na masomo, na siku ya kutoka wakaimbiwa, wakapewa zawadi, wakatangazwa kuwa watu wazima. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa kisu.

Jambo hilo halikuletwa na hotuba. Lililetwa na akina mama waliorudi nyumba moja mara nyingi, wakatukanwa kwamba wamenunuliwa na Wazungu, wakarudi tena. Wengine walikuwa na mabinti wa umri huo, wakaweka majina ya mabinti zao kwanza. Sheria mahususi ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja mwaka 2011, miaka 15 baadaye.

3. MALALAMIKO YETU

Kwanza, tunafutwa. Historia ya uhuru inayofundishwa watoto wetu inamtaja mwanamke kwa nadra, na historia ya shirika letu inapoandikwa huwa orodha ya wenyeviti. Wenyeviti tunawaheshimu. Lakini aliyebeba bati, aliyetembea nyumba kwa nyumba na aliyeandika daftari hawamo. Mwaka hadi mwaka tunawazika, na kila mmoja anaondoka na kurasa zake.

Pili, tunakodishwa. Kila msimu wa uchaguzi tunavalishwa leso na fulana, tunapakiwa kwenye malori, tunacheza juani kuanzia saa mbili hadi mheshimiwa afike saa nane. Jioni anakuja mtu na noti za kugawana. Atakayeuliza hotuba ilisema nini kuhusu maji au bei ya majani chai anaambiwa ana siasa. Vikundi vimevunjika kwa ajili ya noti hizo; tunao majirani waliokuwa wakichimbiana mashamba ambao leo hawaamkuani.

Tatu, jasho letu linahesabiwa kuwa bure. Mradi mmoja wa wafadhili ulifika hapa ukatumia ukumbi wetu, wahamasishaji wetu na majina yetu. Maafisa wake walilipwa posho ya safari, usiku na chakula. Akina mama waliotembea kutwa walipewa soda. Ripoti iliyoandikwa kutokana na kazi yao hawajaiona hadi leo. Serikali nayo imekuwa ikifanya vivyo hivyo na wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wanawake, mpaka Septemba 2023 ilipowazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwaahidi posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo, na mwenye kuipokea atakwambia huchelewa. Lakini ilithibitisha kwamba kazi inayoitwa ya kujitolea ina bei, na kwamba asiyelipa ndiye aliyekuwa akifaidika.

Nne, mikopo inatupita. Mfuko wa Wanawake ulianzishwa mwaka 2007, na tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sera ni nzuri. Ila mwanamke wa hapa akienda ofisini huulizwa hati ya shamba, na hati ina jina la mume, la mkwe au la marehemu babu. Mwingine huambiwa aombe kwa mtandao, alete namba ya ushuru, barua ya chifu na fomu ambayo kwa Kiswahili haipo. Mwenye kampuni mjini, aliyeandikisha jina la dada yake, ndiye anayepata zabuni.

Tano, Katiba haitekelezwi. Vifungu vya 27(8) na 81(b) vinasema kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge limeshindwa mara kwa mara kupitisha sheria ya kutekeleza jambo hilo, kiasi kwamba tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Mwaka 2022 tulipata magavana wanawake 7 kati ya 47, na maseneta wa kuchaguliwa 3 kati ya 47. Sisi ndio tunaopiga foleni alfajiri vitoto vikiwa mgongoni. Ruth Habwe akifufuka leo atahitaji maelezo machache sana.

Sita, hatujui mali yetu. Shirika hili lina majengo na viwanja katika sehemu mbalimbali, vilivyopatikana kwa michango na harambee za wanachama. Hatumtuhumu mtu. Ila mwanachama wa kawaida hajui orodha ya mali hizo, nani mpangaji, kodi inaingia kiasi gani na inaenda wapi. Yaliyotokea mwaka 1986 yanatufundisha kwamba hesabu zisizosomwa hadharani huipa serikali kisingizio cha kuingia ndani.

4. MADAI YETU

Kwa hayo yote, tunadai yafuatayo.

(a) Sherehe za miaka 75 zisimamiwe na wanachama, si na ofisi ya mwanasiasa yeyote. Zifanyike mapema, kabla ya kipindi rasmi cha kampeni kuanza. Asipande jukwaani mgombea wa kiti chochote kwa nafasi yake ya ugombea, na pasitolewe fulana, leso wala bango lenye picha ya mtu. Atakayetaka kuchangia aandikwe kwenye daftari kama wachangiaji wengine, na kiasi chake kisomwe.

(b) Kiongozi wa shirika wa ngazi yoyote anayetaka kiti cha kisiasa ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, kama sheria inavyowataka watumishi wa umma. Sharti hili liandikwe katika katiba ya shirika, pamoja na lingine linalokataza kuunganishwa na chama chochote cha siasa bila kura ya siri ya wanachama wenyewe. Tunasisitiza kura ya siri. Mlolongo tumeuona.

(c) Ukusanyaji wa historia uanze mwaka huu. Kila kaunti iwe na kikundi cha mabinti waliosoma, wafundishwe kurekodi, wapewe nauli, waende kwa mabibi wenye umri wa miaka 75 na zaidi wakawasikilize kwa lugha wanazozijua mabibi hao. Madaftari ya vikundi yapigwe picha kabla mchwa hajamaliza kazi, na nakala zihifadhiwe katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, na nyingine katika maktaba ya kila kaunti. Daftari lenyewe lirudi kwa kikundi.

(d) Serikali iiombe Uingereza nakala za nyaraka zote za ukoloni zinazohusu klabu za Maendeleo, kazi ya lazima na wanawake waliofungwa, zikiwamo zile zilizokuwa zimefichwa huko kwao, Hanslope Park, mpaka kesi ya Mau Mau ilipozitoa nje mwaka 2011. Historia itakayoandikwa iseme yote: maziwa na handaki, Gatunga na KANU. Iandikwe kwa Kiswahili, iuzwe kwa bei ambayo kikundi kinaimudu, na sehemu yake iingie katika vitabu vya shule.

(e) Mradi wowote wa serikali kuu, wa kaunti au wa mfadhili unaotumia wanachama wa vikundi uwe na fungu la nauli, chakula na posho kwa ajili yao katika bajeti tangu siku ya kwanza, na ripoti yake isomwe mbele ya kikundi kilichoifanya kazi. Mradi usio na fungu hilo usipokelewe. Posho ya wahamasishaji wa afya ilipwe kwa tarehe moja kila mwezi, na upande wa kaunti usiwe wa huruma ya Gavana aliyepo.

(f) Dhamana ya kikundi itambuliwe badala ya hati ya shamba kwa mikopo ya kiwango cha kikundi. Daftari la michango la miaka mitatu mfululizo, lililokaguliwa, linaonyesha uaminifu wa mkopaji kuliko hati yenye jina la marehemu. Fomu zote ziwe na nakala ya Kiswahili.

(g) Orodha ya mali za shirika, na hesabu zilizokaguliwa, zitolewe kila mwaka na kubandikwa katika ofisi ya kila kaunti mahali ambapo mwanachama asiye na simu ya kisasa anaweza kuzisoma au kusomewa.

(h) Bunge lipitishe sheria ya thuluthi mbili kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Tunamwomba Mheshimiwa Waziri awasilishe dai hili katika Baraza la Mawaziri kwa jina letu, na tutamwuliza alijibiwa nini. Mbunge na seneta wetu watapelekewa nakala ya risala hii. Kura yao juu ya sheria hiyo tutaiandika daftarini na kuisoma katika mikutano ya vikundi mwezi wa Julai.

5. WAJIBU WETU

Anayedai naye hudaiwa, na sisi hatukuja mikono mitupu. Tutalipa kiingilio na michango kwa wakati. Tutafungua madaftari yetu yakaguliwe kabla hatujataka ya makao makuu yafunguliwe. Kila kikundi kitamteua binti mmoja chini ya umri wa miaka 30 kuwa katibu msaidizi, ili uandishi usibaki kwa wazee peke yao. Tutakataa malori. Mwanachama yeyote ana haki ya kwenda kwenye mkutano wa mgombea anayempenda, kwa miguu yake na kwa nguo zake, lakini jina la kikundi halitakwenda naye.

Na wale majirani walioondoka wakati wa KANU, na watoto wa waliokataa klabu wakati wa hali ya hatari, tunawaalika kwenye sherehe hizi kama wenyeji wenzetu. Hawatatakiwa kukana wala kuungama chochote.

6. MWISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 60. Dai lililokubaliwa liwekewe tarehe na jina la afisa atakayelitekeleza. Dai lililokataliwa lielezwe sababu. Yatakayonyamaziwa tutayahesabu kuwa yamekataliwa, na tutakutana tena hapa hapa, siku ya soko, kuamua hatua inayofuata. Miongoni mwa hatua hizo ni kukaa nje ya sherehe zozote za kitaifa zitakazoandaliwa kwa jina letu bila sisi.

Nakala ya risala hii tumempa Mheshimiwa Gavana, Mama Mwenyekiti wa Kitaifa, mbunge, seneta na mwakilishi wa wanawake wa kaunti yetu, na moja imebandikwa katika daftari la kila kikundi cha wadi hii.



Sisi, wanachama wa vikundi vya wanawake vya wadi,
kwa sahihi na alama za vidole gumba zilizoambatishwa.